Mkono wa Mzee Rajabu na Paneli ya Mpolampola

Ile paneli mbovu iliyotundikwa ukutani, juu ya meza niliyokuwa nikifanyia kazi, si takataka. Nasema mapema kwa sababu nawajua. Wiki mbili baada ya mimi kuondoka atatokea mtu mwenye bidii ya ghafla, ashike ufagio, aseme karakana imejaa makorokoro, na ya kwanza kutupwa itakuwa hiyo: plastiki iliyopasuka, vipimo vitatu visivyo na vioo, na waya mmoja wa manjano uliokatwa na kufungwa utepe mweusi, vizuri sana. Waya huo niliukata mimi. Utepe ni wangu pia. Someni kwanza, ndipo mfagie.

Mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi. Za kupandishwa cheo nitaziruka, hazina hadithi. Za mshahara nitaziruka vilevile, msije mkacheka. Nitaeleza nilivyofika, aliyenifundisha, na kazi moja ya kubadilisha paneli ya mashua ya tanga, ambayo hadi leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho.

Nilivuka mpaka wa Busia kuja Kampala vita vya themanini na sita vikiwa vimepita miaka michache. Kaka yangu alikuwa kibarua wa kiwandani, akiishi Bwaise, mtaa wa bondeni, na nikakaa kwake. Mvua ikinyesha tulikuwa tunapandisha godoro juu ya meza na sisi juu ya godoro, tukisubiri maji yaamue yanakwenda wapi. Nilikuwa na cheti cha umeme wa magari kutoka chuo cha ufundi cha kwetu, cheti chenye muhuri mkubwa kuliko maarifa. Nilizunguka gereji za mjini mwezi mzima. Kila mahali walitazama sketi yangu, wakatazama cheti, wakaniuliza kama najua kupika. Najua, niliwajibu, na nyinyi je?

Karakana hii ya ufukweni, huku Luzira, ilinichukua kwa sababu moja tu: fundi wao wa umeme alikuwa ameondoka na hakuna aliyetaka kushika nyaya ndani ya boti. Nyaya za boti zina laana yake. Maji huzila kutoka ndani huku nje ziking'aa. Basi wakaona afadhali mwanamke Mkenya kuliko hakuna.

Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Rajabu, mkuu wa mafundi. Alikuwa Mnubi wa Kibuli, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma iliyochujuka rangi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini alichorithi kwa baba yake askari. Alikuwa ametengeneza injini za meli na mashua tangu ujana, chini ya serikali zote, na zote alizitaja kwa sauti moja kama mtu anayetaja mvua zilizopita. Hakuniomba cheti. Alinishika kifundo cha mkono, akanipeleka kwenye injini ya dizeli iliyokuwa ikinguruma, akasema:

"Weka mkono hapa, binti. Hapana ogopa. Sasa hesabu."

Nikaweka kiganja juu ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikahesabu. Nilifika tano nikautoa mkono.

"Tano, injini iko kazini," akasema. "Ukifika kumi, iko baridi. Ukishindwa mbili, zima haraka, hapana uliza mtu. Hiyo ndiyo kipimo. Mshale iko na uongo. Mkono hapana danganya."

Mtaona ajabu, nyinyi mliozaliwa na kompyuta, lakini mtu yule hakuwa mjinga. Katika miaka ile hakukuwa na kipimo kilicho hai mjini. Magari yalikuwa yamepita vitani, yameibwa, yamerudishwa, yameibwa tena. Mshale wa mafuta ulilala palepale tanki likiwa tupu au limejaa, na dereva alipima kwa fimbo ya mti. Mshale wa joto ulikatika, wa mwendo ulikatika, na taa nyekundu za hatari zilikuwa zimewaka muda mrefu hata watu wakazichukulia kama mapambo. Kengele ya hatari ikilia, kazi ya fundi wa umeme ilikuwa kukata waya wake. Ndivyo tulivyofanya kazi, na si kwa uvivu. Kitu kikikudanganya kila siku, siku kikisema kweli utakijuaje?

Basi nikajifunza kwa mkono. Mzee alihesabu kwa Kinubi, wai, tinen, talata, nami nikajikuta nahesabu hivyo hadi jikoni. Alinipa pia kifaa changu cha kwanza, taa ya kujaribia umeme aliyoiunda mwenyewe: balbu ya nyuma ya gari ndani ya kopo la dawa, nyaya mbili, na msumari ulionolewa. Maltimita, kile kipimo cha umeme cha kununua, ilikuja baadaye sana. Taa hiyo ninayo bado. Haijawahi kuishiwa betri, kwa sababu haina.

Kilichomfanya Mzee asifike ufukwe mzima ni mkono wake wa kulia. Chai yetu ilichemshwa kwenye sigiri ya makaa, tukanywea vikombe vya bati. Sisi tulishika vikombe kwa kitambaa. Yeye alikizungushia kiganja chote kikombe kilichotoka kwenye moto saa ile, akanywa huku anaongea. Wageni wakija tuliwaita waone. Mkono wa chuma, tulisema, huo umeshika injini miaka thelathini. Tulijivunia mkono ule kama timu inavyojivunia kombe.

Miaka ikaenda. Nilimzaa Wafula, nikarudi kazini, nikaitwa Mama Wafula, na watu wakaacha kuniuliza kama najua kupika. Ndipo ikaja ile mashua.

Iliitwa Mpolampola, jina ambalo kwa Kiganda ni polepole, na lilikuwa jina la haki. Ilikuwa mashua ya tanga ya zamani, ya mwili wa faiba, yenye mlingoti mmoja na injini ndogo ya dizeli tumboni. Mwenyewe wa kwanza aliondoka nchini enzi zile watu walipoondoka bila kuaga, na wakati wa vita mlinzi wake aliishusha mlingoti na kuificha ndani ya mafunjo. Mwishowe ilimfikia Sista Immaculate, muuguzi mstaafu. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliitumia kupeleka chanjo za watoto visiwani. Tanga halinywi dizeli, alikuwa akisema, na injini aliihitaji kuingia na kutoka ufukweni na pale upepo unapokufa.

Upepo ulikuwa umekufa mwezi uliotangulia. Injini ikachemka katikati ya maji, yeye asijue, kwa sababu vipimo vyote vilikuwa vimekufa kabla ya upepo. Alielea siku nzima. Alifika salama, lakini chanjo zilikuwa zimeharibika kwenye sanduku. Mzee Rajabu aliisawazisha ile hedi iliyopinda, akaikwangua na kuisugua kwenye kioo bapa kwa siku nne, na akamwambia wazi: hii imekunwa mara ya mwisho. Ikichemka tena, hakuna ya kubadilisha, si Kampala, si Nairobi. Injini itakuwa nanga.

"Fundi," Sista akaniambia, akiipigapiga paneli kwa kidole. Alikuwa Mganda halisi, r na l zake zikihama kwao kwa hiari. "Nipe paneri inasema kweri. Hata ikisema maneno mbaya. Jumamosi ijayo naenda tena. Suluwa imeingia kure kisiwani, na watoto wawiri tumezika. Siwezi kuwafikia na chanjo imekufa ndani ya maji ya balafu."

Surua, alimaanisha. Siku tisa zilikuwa zimebaki.

Nikaanza. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mnapokimbilia koleo kabla ya kalamu. Paneli ya Mpolampola ilikaa nje, karibu na usukani, jua na mvua vikaipiga miaka yote. Nyaya nyuma yake zilikuwa kumi na moja, na karibu zote zilikuwa zimebadilika rangi zikawa rangi moja, ile ya chai ya maziwa. Ukikata hapo bila kuandika, utajenga uganga. Mimi nilikaa siku mbili nachora tu. Nilifunga kila waya uzi wa rangi yake, nikaufuata kwa taa yangu ya kopo hadi mwisho wake: huu wa starta, huu wa joto, huu wa presha ya oili, huu wa kuchaji, huu wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri, ambao ulikuwa umeoza ndani na ndio uliokuwa ukiua vipimo vyote kwa pamoja. Swichi ya ufunguo haikuwa na ufunguo. Waliwasha kwa bisibisi.

Siku ya pili nikaufikia waya wa kengele, wa manjano, umekatwa na kufungwa utepe. Nikautambua ule mfungo. Mwaka uliotangulia nahodha aliyekuwa akimwendeshea Sista wakati huo alikuja akilalamika kwamba kengele inalia ovyo, Mzee akaniambia kata, nikakata. Ilikuwa kazi ya dakika tano na sikuifikiria hata nilipokuwa naosha mikono. Swichi ya kengele ilikuwa na kutu tu; kuibadilisha kungechukua saa moja. Nilikaa ndani ya shimo la injini nimeshika mwisho wa waya, nikaona aibu. Siku ile injini ya Sista ilipochemka, kengele ingelia kwanza. Nilikuwa nimeinyamazisha mimi.

Nikaapa kwamba Mpolampola haitatoka tena bila sauti. Nisiwaongopee, sikuapa kwa utakatifu. Niliapa kwa hasira.

Paneli mpya ilitoka Mombasa, kaka yake Sista aliituma kwa abiria wa basi, imefungwa ndani ya blanketi. Haikuwa ya injini ile. Matundu hayakulingana, basi nikaenda Katwe kwa wafua sufuria, wakanikatia bamba la alumini, nikalitoboa mwenyewe na kulipa mgongo wa mbao ya mvule. Kila kichwa cha waya nilikichomea kwa risasi ya kuyeyusha na kukipaka grisi. Na hili liandikeni mahali: kipimo na senda yake, yaani kile chuma kidogo kinachochomekwa kwenye injini kusikia joto, ni mume na mke. Usimwoze kipimo senda ya nyumba nyingine. Mshale utatembea, utapendeza, na utasema uongo mtupu.

Kwa hiyo nilivipima kwanza. Nikaweka sufuria ya maji kwenye sigiri yetu ya chai, nikatumbukiza senda, nikaunga nyaya na betri. Sista alinipa kipimajoto chake, tukacheka, kwa sababu kiliishia kwenye digrii za homa. Haidhuru, maji yenyewe ni kipimo. Huku kwetu juu huchemka kidogo kabla ya mia, na yalipochemka mshale ulisimama hapohapo, kidogo kabla ya mia. Kengele ikalia kwa wakati wake. Niliwaita wote waone. Mzee Rajabu alitazama, akanywa chai yake.

"Kwa sufuria ni sawa," alisema. "Injini si sufuria."

Ijumaa alasiri, Mzee alipotoka msikitini, tukaenda kujaribu, sisi watatu tu: Sista kwenye usukani, mimi mbele ya paneli, Mzee ndani ya shimo la injini na mgongo kwetu. Miaka ile gugu maji lilikuwa limejaa ghubani hata kunguru walitembea juu yake. Tukapasua katikati, zulia la kijani likifungua na kufunga nyuma yetu. Mshale ukasimama sitini na tano, pazuri. Tukafika maji wazi, Sista akaongeza moto. Sabini. Themanini. Nikapiga kioo kwa kucha, tabia ya zamani. Tisini.

Kengele ikalia. Mlio wa kukera kweli, kama mbuzi aliyebanwa mlangoni.

"Zima hiyo kelele!" Mzee akapaza sauti kutoka chini.

"Mzee, imefika tisini na tano!"

Akaweka kiganja chake cha kulia juu ya hedi. Niliona kwa macho yangu. Akahesabu kwa utulivu, wai, tinen, talata, arba, kamsa, akapita tano, akafika nane.

"Iko baridi," akasema. "Paneli yako nadanganya. Kata waya."

Niwaambie ukweli: koleo lilikuwa mkononi mwangu, na mkono wangu ulianza kwenda. Miaka yote ile mtu yule hakuwahi kukosea. Sista alinitazama mimi, akamtazama yeye. Ningekata, tungerudi kwa amani, na kesho asubuhi Sista angeondoka na chanjo zake.

Lakini nilikuwa nimeichemsha ile senda mwenyewe. Nikainama, nikanyoosha mkono wangu kando ya wake, nikagusa. Sikufika hata moja. Nilipiga kelele nikauvuta, na vidole vyote vinne vilikuwa vyekundu. Mkono wa Mzee ulikuwa bado umekaa pale, umetulia, na harufu ikanipanda puani ambayo haikuwa ya oili.

"Mzee, toa mkono!"

"Nani fundi hapa? Mimi ama hiyo saa ya Mombasa? Nimesema kata!"

"Unisamehe, Mzee. Sikati."

Nikavuta kamba ya kuzimia. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Mzee akageuka, uso umemvimba kwa ghadhabu. Hakuna aliyewahi kumzimia injini, tena mwanamke aliyefundishwa naye, tena mbele ya mteja. Akainua mkono wa kulia kunionya kwa kidole. Ndipo sote watatu tukakiona kiganja. Ngozi ilikuwa nyeupe, imejikunja kama ya maziwa yaliyochemshwa, na katikati imeanza kuchanika.

Alikitazama kama kwamba ni cha mtu mwingine.

"Banange, jamani," Sista akasema taratibu. Akaacha usukani, akakaa karibu naye, akauchukua ule mkono juu ya paja lake. Akatoa kalamu mfukoni. "Mzee Lajabu, angaria kure kwa mringoti. Usiangarie hapa. Sasa niambie nikikugusa."

Mzee akautazama mlingoti. Sista akagusa kidole cha kwanza kwa ncha ya kalamu. Cha pili. Akabonyeza cha tatu mpaka kikaacha alama.

"Nangoja," Mzee akasema. "Gusa basi."

Sikuweza kutazama. Nililia, sioni haya kusema. Sista akamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku, akamuuliza kidonda alichokiona mguuni mwake ana muda gani nacho, akamwambia kwa upole jina la ugonjwa, sukari, na kwamba umekuwa ukimla mishipa ya mikono kidogo kidogo. Mzee alijibu yote. Kisha akaniuliza mimi, bila kunitazama:

"Binti. Wewe najua tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu sasa hivi. Lakini si kweli. Nilikuwa nimemwona akiangusha nati, akilaumu nati za siku hizi. Nilikuwa nimemwona akitoka na kandambili moja, nyingine imebaki nyuma na yeye hajui. Kikombe kile cha bati nilikuwa nimekishika kwa bahati mbaya baada yake, kikaniunguza, na nikajiuliza. Nikajijibu kwamba mkubwa haulizwi.

"Tangu masika, Mzee. Nilidhani. Nilinyamaza kwa heshima."

"Hapana. Hiyo hapana heshima," akasema, na sauti ilikuwa imechoka, si ya hasira tena. "Hiyo ni kukata waya ya kengele."

Sista alimfunga mkono kwa bendeji safi. Mimi nikarudi shimoni, maana injini haikuwa na habari kwamba tuna msiba. Msiimwagie hedi iliyochemka maji baridi, hata mkiogopa namna gani. Iacheni ipoe yenyewe, nyinyi tafuteni sababu. Sababu niliipata kwenye bomba linalovuta maji ya ziwa kuipoza injini: mizizi ya gugu maji, imesokotwa kama sufi ya mto, imeziba koo lote. Niliitoa kwa waya uliopindwa, konzi tatu. Nikapuliza bomba kwa mdomo mpaka nikasikia mapovu chini ya mashua. Tukasubiri. Nikagusa hedi: nikafika kumi.

Nikawasha. Maji yakatoka nyuma kwa nguvu. Mshale ukapanda, sitini, sitini na tano, ukasimama. Kengele kimya. Mzee alikuwa amekaa na mkono wake mweupe mapajani, mgongo kwa paneli.

"Mshale nasema nini?" akauliza.

"Sitini na tano, Mzee."

"Na mkono yako?"

Nikagusa. "Nimefika tano."

Akatikisa kichwa kukubali. "Kale, sawa. Turudi."

Jioni ile tulishona chujio la waya wa nyavu na kulifunga kwenye tundu la maji. Jumamosi alfajiri Sista akaondoka. Sikuwa na amani. Niliosha vikombe visivyo vichafu, nikapanga spana zilizokwisha pangwa, na Mzee, ambaye aliambiwa akae hospitali ya kule kwao Kibuli, alitoroka akaja kukaa kwenye ngazi za gati. Jumapili mchana tukaona tanga jeupe lile lenye viraka. Sista alisimama, akayainua masanduku mawili ya chanjo juu ya kichwa, moja baada ya lingine, akayapindua. Hayakuwa na kitu ndani. Mzee Rajabu alipiga makofi kwa mkono mmoja na goti.

Alifanya kazi miaka mingine kadhaa. Mkono haukurudi, lakini masikio yalikuwepo, na alikuwa akisikia vali inayogonga kabla injini yenyewe haijajua. Kila asubuhi mmoja wetu alimkagua miguu na viganja kabla ya kuvaa ovaroli, kama tunavyokagua oili, na yeye alitoa miguu akitutukana kwa Kinubi. Hapo ndipo desturi ya karakana hii ilipoanzia, ile mnayoiona ya kizee: fundi mmoja husoma mshale, mwingine huweka mkono, na hakuna injini inayotoka mpaka wote wawili waseme kwa sauti. Mkidhani ni maringo ya Mama Wafula, sasa mnajua. Na mkono unaosema tofauti na mshale hauheshimiwi wala haupuuzwi. Injini inazimwa kwanza.

Paneli ya zamani Mzee mwenyewe ndiye aliyeniambia niitundike. Alitaka ule utepe uonekane.

Mmekuwa mkiuliza kwa nini nimestaafu miaka miwili kabla ya wakati, na nimesikia maelezo yenu: mgongo, wajukuu, shamba la Busia. Mgongo ni mzima. Ilikuwa mwezi wa tatu, nikiwa nabadilisha paneli ya boti ya doria pamoja na Akello, ambaye kesho meza ile ni yake. Nilikuwa nimeshika waya tayari kuukata, nikamwambia anipe mwingine mwekundu wa kuuunga nao. Hakunipa. Alisimama pale na uso umemwiva, na niliiona kabisa heshima ikimkaba, nikaitambua, kwa maana niliivaa mimi kabla yake.

"Sema," nikamwambia.

"Mama, huo ulioushika si mwekundu. Ni wa kahawia. Hata wa jana haukuwa mwekundu."

Niliusogeza ule waya dirishani, kwenye mwanga. Niliutazama muda mrefu. Kwangu ulikuwa mwekundu bado.

Nikaweka koleo mezani, nikamshukuru.